Damu ya Juzi na Mbuzi wa Mahari

Vijana wangu, kazi niliyoifanya maisha yangu yote ni kuchoma watu vidole. Mkinikuta leo hapa Butembo, mashariki mwa Kongo, nikipalilia maharagwe, msidhani nilizaliwa na jembe mkononi. Nilikuwa mtu wa maabara, labo kama tulivyoiita, na kuna wanaume wakubwa wa mji huu, wenye maduka na malori, ambao wakiniona njiani bado wanaingiza mikono mifukoni. Vizuizi vya askari walivipita kila wiki bila kutetemeka. Kwangu walitetemeka.

Mmeniomba niwaambie habari ya kupima virusi vya sida, yaani UKIMWI, wakati wa vita. Nitawaambia, ila kwa mtindo wangu, kidogo huku na kidogo kule. Mwenye haraka aende kusoma tangazo ukutani.

Kwanza mjue swali langu. Mtu akiingia, hata kabla hajaketi, nilimuuliza: "Ilikuwa lini?" Sikuuliza na nani, wala wapi, wala shetani gani alimsukuma. Wengi walikasirika. Walikuja wamejiandaa kama kwa padri, wana hadithi ndefu ya bia na mvua na gari bovu, na mimi nataka siku tu. Mfanyabiashara mmoja aliniambia, amekunja uso, "Mama Kahindo, donc hautaki kujua vile ilifanyika?" Nikamjibu, "Papa, vile inafanyikaka najua, niko na batoto sita."

Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yetu. Wanawake walikuja kila siku, wengi na hofu ambayo hawakuitafuta wenyewe, na hao niliwapokea taratibu, sikuwatania. Lakini Jumatatu ilikuwa ya wanaume. Jumamosi wamecheza, Jumapili wamesali, Jumatatu asubuhi wako kwenye benchi letu wamejifunika kofia hadi puani, kila mmoja akijifanya amekuja kupima malaria. Wote walitaka kitu kimoja: niwaambie leo kama kosa la juzi limewapita. Hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipokaa.

Aliyenifundisha ugumu huo ni Muzee Mbusa, mkuu wa labo yetu, mtu wa Beni, mfupi, mkali kwa uchafu na mpole kwa watu. Wiki yangu ya kwanza nilimletea kipimo cha dereva fulani nikishangilia kwamba ni négatif, yaani hakikuonyesha virusi. Dereva alikuwa ameniambia kosa lake ni la siku mbili tu. Muzee Mbusa hakukitazama hata kipimo.

"Kahindo," akaniuliza, "mama yako anakamuaka kasiksi?"

Nani kwetu hakamui pombe ya ndizi? Nikasema ndiyo.

"Siku ya kwanza akikupa kikombe, utalewa?"

"Hapana, Muzee. Ile ingali jus."

"Alors, utasema mu ile bidon pombe haitaingia?"

Nikakitazama tena kipimo changu.

"Iko njiani kuya. Ulimi yako njo haiwezi kuijua leo. Ambia ule dereva arudi."

Basi hilo ndilo somo, na sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi. Kipimo chetu hakikuona virusi vyenyewe. Kiliona jibu la mwili, zile kinga ambazo damu huziunda ikishamjua adui. Na mwili hauundi jibu kwa siku moja. Unachukua wiki kadhaa, kwa wengine zaidi. Katika wiki hizo mtu ana virusi, damu yake inasema négatif, na yeye anatembea kifua mbele. Kibaya zaidi, siku hizo za mwanzo ndizo virusi vinajaa sana damuni, na kumwambukiza mwenzake ni rahisi kuliko baadaye. Ndiyo maana tulimwambia kila mtu: ukipimwa leo, rudi baada ya miezi mitatu tangu siku ya kosa, na katikati hapo tumia kondomu au kaa kama mtawa.

Walielewa? Wengine walielewa. Kulikuwa na askari mmoja wa waasi, kijana mrefu mwenye meno mazuri, aliyekuja kila Jumatatu kama mtu anayekwenda kuchukua mshahara, ambao kwa kweli hakuwa anaupata. Nampima, négatif. Anaondoka akipiga mluzi. Wiki inayofuata amerudi. Siku moja nikamuuliza kwa nini asiache tu yale yanayomleta. Akanishangaa kabisa.

"Mama, lakini kila wiki unanisafisha!"

Kumbe masikini alidhani kipimo changu ni chanjo. Nilimkalisha nikamweleza upya, pamoja na kasiksi na yote. Alinisikiliza kwa heshima, akafikiri, akauliza kama kasiksi inapatikana karibu.

Vifaa vyetu wakati ule vilishuka kwa ndege pale Mavivi, uwanja wa Beni, vikapakiwa gari hadi kwetu, kama barabara ilikubali na kama mwenye bunduki njiani hakudhani ni biskuti. Tuliviweka mahali penye baridi kuliko tulipokaa sisi wenyewe. Na jifunzeni hili, ninyi mnaosoma kazi hii: kila kipimo kina muda wake wa kusomwa, na muda huo ni sheria. Asubuhi moja risasi zililia upande wa soko, tukajitupa chini ya meza mimi, Muzee Mbusa na mama mmoja ambaye damu yake ilikuwa tayari kwenye kipimo. Tulikaa hapo muda mrefu, mama akisali rozari na Muzee akipiga chafya kwa vumbi. Tulipotoka, kipimo kilikuwa na mstari wa pili, ule wa wenye virusi, mwembamba kama uzi. Mama akauona, akaanza kupiga mayowe. Muzee Mbusa akakichukua, akakitupa.

"Ile imekauka, mama. Imechelewa kusomwa. Leta kidole kingine."

Cha pili kilisomwa kwa kuangalia saa, na kilikuwa négatif. Mama alitukumbatia wote wawili, akasahau hata kwamba mji bado unapigwa risasi.

Sasa nifike kwa Kasereka. Hilo si jina lake. Kwetu mtoto wa tatu wa kiume ni Kasereka, kwa hiyo tafuteni mkitaka, mtawakuta wamejaa mji mzima. Mwenyewe ameniruhusu niseme, na aliongeza, "Sema yote, Mama, hata ya mbuzi."

Kasereka alikuwa dereva wa lori la mzee mmoja Mwislamu wa Beni, akibeba mizigo kati ya Beni, Butembo na Kirumba. Kijana safi, mcheshi, mchumba wa Masika, mshonaji aliyeimba nami kwaya parokiani. Masika naye si jina lake. Msichana mwenye ulimi mwepesi na moyo mkubwa, nilimpenda kama binti yangu.

Mjue pia kwamba wakati ule ilikuwa imeingia desturi mpya. Watu waliogopa sida kama walivyoogopa vita, na familia zikaanza kumdai bwana harusi karatasi ya labo. Siku ya mahari wazee walikagua mbuzi, wakafungua midomo, wakainua mikia, wakapapasa mbavu. Wakimaliza, shangazi wa binti anasimama na kuisoma karatasi ya kijana kwa sauti, hapohapo kando ya mbuzi, na wanawake wanapiga vigelegele. Mbuzi mzima, kijana mzima, tule. Mimi nilihudhuria mahari mengi ya namna hiyo, na kila mara niliuacha wali sahanini, maana mbuzi ukimwona leo umemwona. Damu haiko hivyo.

Basi Kasereka akaja. Jumatatu, bila shaka.

"Ilikuwa lini?"

"Juzi, Mama. Kule Beni. Pneu ya lori ilipasuka, donc nikalala."

"Pneu njo ilikulalisha na mwanamuke?"

Akainamisha kichwa. Nikamchoma. Négatif. Aliruka juu, akaubusu ukuta wa labo, ambao ungemdhuru kuliko mambo mengi.

"Kaa chini," nikamwambia.

"Mama, si umesema négatif?"

"Damu ya kabla ya Beni njo iko négatif. Ya Beni yenyewe ingali haiyakuya. Utarudi kisha miezi tatu."

Hapo furaha ikamtoka usoni. Mahari yalikuwa Jumamosi ileile na harusi ilikuwa imepangwa nyuma yake. Mbuzi walikuwa wameshanunuliwa. Karatasi alihitaji ili shangazi aisome, na kwa kuisoma tu kila mtu angeridhika, Masika wa kwanza.

"Nikimuambia Masika, ataniacha. Nikinyamaza, karatasi inasema niko muzima. Na ni wewe mwenyewe umeandika!"

"Nimeandika, na chini nimeandika urudi."

"Shangazi yake atasomaka ya chini? Atapiga tu vigelegele."

Alisema kweli. Alitoka na karatasi yake kwenye soksi, na mimi nikabaki na mzigo. Msinielewe vibaya, siri ya mgonjwa ni siri, na siku nitakayoifungua sina haki tena ya kushika damu ya mtu. Nilimwambia Kasereka hivyo: kinywa changu kina kufuli, chako hakina. Muzee Mbusa aliniona siku ile nimevaa uso wa msiba. Akasema tu, "Mficha uchi hazai, Kahindo. Lakini hatumuvulishi mutu nguo kwa nguvu," akarudi kwenye hadubini yake.

Ijumaa jioni kwenye mazoezi ya kwaya, Masika akaja macho mekundu. Mahari yameahirishwa. Kasereka alikuwa akileta mbuzi kutoka Kirumba, na kwenye kizuizi askari wamewachukua wote.

"Bote, Mama Kahindo! Hata kamoja hakakubakia! Bale baasikari, Mungu atabalipa!"

Mimi niliamini. Kila mtu aliamini. Miaka ile askari walikula hata kuku aliyetamia, nani angeuliza? Baba yake Masika, mzee mtulivu, alisema vita ni vita, kijana apewe muda atafute wengine, na hata akamtumia pole.

Wiki iliyofuata Kasereka akapita labo, akachungulia kwanza kama niko peke yangu.

"Mama, mbuzi ziko Kasugho."

"Baasikari ya Kasugho njo walizikamata?"

"Hapana. Ziko kwa mujomba yangu. Zinakula majani."

Nilicheka hadi Muzee Mbusa akaja kuona ni nini kimevunjika. Kasereka hakucheka. Alisema usiku ule wa kuamkia Ijumaa alijaribu mara nyingi kumwambia Masika habari ya Beni, maneno yakakataa kutoka. Ya mbuzi yalitoka yenyewe. Akasema hatamgusa Masika hadi miezi mitatu ipite, hata mkono hatamshika, awe na uhakika kwanza. Sitawaambia kwamba uongo ni mzuri. Nawaambia tu kwamba nilimheshimu siku ile.

Haya, hebu fikirini miezi hiyo mitatu yangu mimi. Kila mazoezi ya kwaya Masika ananyoosha mikono mbinguni akiwalaani askari wa kizuizi cha Kirumba, na sauti ya pili yote inaitikia amina. Mimi nakohoa. Yule askari wangu wa Jumatatu alipokuja tena, nilimhurumia kwa dhati, maana parokia nzima ilikuwa ikimwombea mabaya kwa mbuzi ambao hakuwaonja. Kutoka Kasugho nako habari zilikuja: mjomba amechoka kuchunga, na mbuzi wawili wamezaa. Mahari yalikuwa yanaongezeka porini bila mtu kujua.

Masika alianza kudhoofika kwa mawazo. Aliniuliza siku moja, tukikunja vitabu vya nyimbo, "Mama, Kasereka hanipendi tena? Hata mukono hanipatie." Nilitaka kulia. Nikamwambia, "Muulize yeye, mutoto wangu, na umupatie nafasi ya kujibu."

Kabla sijamaliza, nisimame kidogo hapa, maana najua kati yenu kuna mtu anayehesabu siku zake mwenyewe anaponisikiliza. Siku hizi mambo yamebadilika. Vipimo vya leo vinaona mapema kuliko vyetu, vingine wiki chache tu, inategemea ni cha aina gani, kwa hiyo muulize anayekupima. Lakini hakuna kinachoona kosa la juzi, na kile kipimo kidogo cha kidole bado kinataka kurudiwa ile miezi mitatu ikitimia. Na kuna kitu sisi hatukuwa nacho: dawa za kuzuia, ambazo mtu anazianza mara moja baada ya hatari, kabla siku tatu hazijaisha. Ukiwa katika hali hiyo, au mtu amekutendea kwa nguvu, usikae nyumbani ukingoja kupima. Kimbia kituo cha afya leo hii. Aibu utaitunza baadaye.

Miezi mitatu ilitimia. Kasereka alikuja amenyoa, amevaa shati la Pasaka. Nikamchoma, nikaangalia saa, nikangoja. Mstari wa kwanza ukaja, kisha wa pili ukaja, mnene, bila haya. Kwa kuwa kipimo kimoja hakimhukumu mtu, nikachukua cha aina nyingine. Kikasema vilevile. Muzee Mbusa akaja, akatazama vyote viwili, akaniwekea mkono begani akatoka nje. Sijawahi kuzoea dakika ile, vijana.

"Kasereka, mutoto wangu, iko ndani."

Aliinama juu ya meza, akavitazama vipimo vyote viwili.

"Donc ile ya kwanza ilinidanganya?"

"Haikudanganya. Ilipimwa mapema, mbele ya wakati."

Akashika kichwa. "Kama shangazi yake angesomaka ile karatasi samedi ile ya mahari," akasema, hakumaliza. Kisha akauliza swali moja tu, si la kifo wala la mchawi gani. "Na Masika?"

"Ulimugusa?"

"Hapana, Mama. Naapa."

Msianze kumlilia. Dawa za wenye virusi zilichelewa kufika kwetu, vita vilikuwa vimeziba njia, na aliugua sana akizingoja. Lakini zilifika na zilimkuta hai, na hadi leo anaendesha lori, ingawa sasa analala mapema. Yaliyobaki siku ile yalikuwa ya kuongea. Aliniomba niketi karibu akimwambia Masika, nikaketi.

Masika akaitwa, naye akamwambia katika chumba cha nyuma cha labo, kati ya maboksi. Alianza na Beni, akaja kwenye karatasi, akaja kwenye mistari miwili. Masika hakusogea. Alikuwa ameshika mkoba wake magotini kama mtu aliye ndani ya gari. Kasereka alipofika kwenye mbuzi sauti yake ilikuwa imeshakauka.

"Mbuzi ziko Kasugho?" Masika akauliza.

"Ndiyo."

"Baasikari hawakuzikula?"

"Hapana. Na mbili zilizaa."

Masika akacheka. Alicheka kwa nguvu, mkoba ukaanguka, na kicheko kikageuka kilio hapohapo, nami nikalia naye kwa sababu sikujua la kufanya. Alipopata pumzi alimtazama Kasereka usoni.

"Ile uongo ya mbuzi, nimekusamehe. Ile ya Beni, bado. Toka inje."

Kasereka akatoka. Masika akajifuta uso kwa kanga, akanyoosha kidole mbele yangu.

"Na mimi, pima."

"Alikugusa, Masika?"

"Hapana. Hata mwanaume mwingine hapana. Lakini pima, Mama. Roho yangu inapiga."

Nilimpima. Mstari mmoja. Nikangoja muda wote hadi mwisho, nikiomba. Mstari ulibaki mmoja. Huyu hakuwa na juzi ya kuogopa, hakukuwa na cha kungoja wala cha kurudia, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile nilitamka négatif kwa kinywa kizima. Nilifurahi hadi nikaona aibu, maana aliyekuwa nje alikuwa na haki ya kusikia kilio na si furaha.

Nilitaka kumwita Kasereka, Masika akanizuia. Alisema ataipeleka habari mwenyewe. Nikamwona kupitia dirisha akivuka ua, akasimama mbali naye kidogo, akasema maneno machache. Kasereka akaketi chini palepale, kwenye udongo, na suruali yake ya kanisani, akaanza kupiga makofi huku machozi yanamtiririka, akirudia neno moja kwa sauti mpaka wagonjwa kwenye benchi wakageuka kumtazama.

"Muzima! Ako muzima! Ako muzima!"